Kioo cha Mbele

Jumapili, 2 Februari 2025

Jokha hajarudi. Alikwenda Jeddah kumwangalia Samia, binti yetu, alipojifungua. Arobaini imekwisha zamani. Mtoto ameshapewa jina, ameshanyolewa, sasa anaicheka dari. Jokha bado yuko hukohuko Jeddah, mtaa wa Baghdadiyah, kwenye ghorofa ya Samia, amekaa dirishani na goti lake juu ya mto. Anasema hewa ya bahari inalifaa.

Ramadhani inaingia mwisho wa mwezi huu. Nimemuuliza kwa simu, kwa adabu, kama nimtegemee kabla ya mwandamo. Akasema ataona. Neno hilo nalijua tangu tulipooana. Ni hapana ya watu wenye malezi.

Nikamuuliza Riyadh imemkosea nini. Akasema haikumkosea, ila hakuna pa kwenda. Nikamkumbusha kwamba tuliingia mji huu enzi za neema ya mafuta, wakati winchi za ujenzi zilikuwa nyingi kuliko mitende, na kwamba nilimpeleka kila mahali kwa gari langu mwenyewe, Datsun nyeupe.  Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba tangu asubuhi.

"Ulinipeleka, Baba Samia. Lakini kiti cha mbele hakikukosa mgeni wako. Mji huu mimi nimeuona nyuma ya kisogo chako."

Si haki. Ni kweli kwamba siku nyingi alipanda nasi mwenzangu wa ofisi ya tafsiri, na mwanamume mgeni hakalishwi nyuma na watoto. Hiyo ndiyo ilikuwa ada, na hakuna aliyeilalamikia. Kioo cha mbele kilikuwa kikubwa. Kisogo changu hakikuwa kipana namna hiyo.

Nilijaribu kukitazama katika kioo cha bafuni. Hakionekani. Ndiyo tabia ya visogo.

Jioni Soud, kaka yake Jokha aliyeko Jeddah, ametuma tena filamu ya bahari katika kundi la familia la simu. Wimbi linakuja. Wimbi linarudi. Watu wamejaza mioyo myekundu, hata wale wasiojibu salamu zangu.


Jumanne, 4 Februari

Nimepata!

Nilikutana na Protas kwenye ngazi. Ni jirani yangu wa ghorofa ya chini, Mtanzania, mtu wa maabara katika hospitali moja, Mkristo mwenye adabu na simu kubwa kupita kiasi. Alinionyesha anachofanya siku zake za mapumziko. Treni mpya za chini ya ardhi hazina dereva. Pale ambapo dereva angekaa pana kioo kikubwa kama mlango, na abiria yeyote anaweza kusimama hapo akaona kile ambacho mahali pengine huonwa na dereva peke yake. Protas husimama, hurekodi safari nzima tangu kituo cha kwanza hadi cha mwisho, kisha huiweka mtandaoni. Watu huitazama. Nikamuuliza ni watu wa aina gani. Akasema wa kila aina, mwalimu, wengine huilalia kama dawa ya usingizi.

Nikadharau. Nikatazama kidogo ili nidharau kwa ushahidi. Chai ikapoa ikafanya utando.

Sijui niseme nini. Giza linakuja, linafunguka, linapita pembeni. Reli mbili zinameta mbele kama mtu amekwishapita kukuwashia. Kituo kinaanza kama nukta ya mwanga, kinakua taratibu, mwisho unakuwa ndani yake. Hakuna anayepiga honi. Hakuna anayegeuka kukuuliza njia. Nimeendesha gari katika mji huu tangu barabara zake zilipokuwa vumbi, na sikuwahi hata siku moja kuitazama njia kwa amani hivyo.

Mpango ukaja wenyewe. Nitamrekodia Jokha safari ya namna hiyo. Mbele kweupe, hakuna mgeni, hakuna kisogo. Ataona kwamba pa kwenda papo. Atarudi kabla ya mwandamo, na bahari ya Soud itafunga duka.


Alhamisi, 6 Februari

Kosa dogo.

Nilipandia kituo cha Makumbusho, karibu na nyumbani, mtaa wa Murabba. Nikaingia behewa la wanaume, nikaenda moja kwa moja kwenye kioo. Hakuna mtu! Nikajipongeza. Nikainua simu, nikabonyeza, nikasema bismillahi. Treni ikaondoka kwenda kaskazini, na reli zikaanza kunikimbia.

Nilikuwa mkiani.

Mtu mwingine angeacha. Mimi niliona kwamba reli ni reli, na kwamba Jokha si mhandisi. Nikarekodi mpaka mkono ukafa ganzi, nikaituma.

Soud alikuwa wa kwanza kujibu, kama kawaida ya watu wasio na shughuli. Aliuliza kama treni imenikimbia mimi au mimi nimeikimbia treni. Akaongeza picha ya kaa anayetembea kinyumenyume. Samia akaandika kwamba mama ametazama kidogo akashikwa na kizunguzungu, na amesema kumbe hata treni inamwonyesha yaliyokwishapita.

Protas alinifafanulia baadaye, bila kucheka, jambo ambalo lilinikera zaidi. Behewa la wanaume liko ncha moja, daraja la kwanza liko ncha ya pili, na familia wamo katikati. Treni haigeuki. Ikienda kaskazini, daraja la kwanza ndilo linaloongoza. Ikienda kusini, linaongoza behewa la wanaume. Akanishauri nikate daraja la kwanza mara moja tu. Nikamwambia kwamba sikulipa zaidi kukaa mbele katika ndege ya Hija na sitalipa zaidi kwa ajili ya kioo. Mtu huwa na msimamo.


Jumamosi, 8 Februari

Kusini, basi. Nilipanda mapema, nimevaa kanzu nyeupe na koti. Nikapita katikati ya watu waliokuwa wakienda Batha kutuma fedha kwao na kununua vitambaa, nikafika kwenye kioo. Alikuwapo Protas.

Alisema shikamoo, mwalimu. Nikaitika. Akainama kidogo kwa heshima, kisha akarudi palepale alipokuwa, katikati kabisa ya kioo, na fimbo yake ya simu. Sijui siku hizi shikamoo inafundishwaje. Zamani aliyeitoa alisogea.

Nilibaki na pembe ya kushoto. Filamu yangu inaonyesha kiwiko cha Protas kutoka mwanzo hadi mwisho. Ni kiwiko kizuri, lakini Jokha hatarudi Riyadh kwa ajili yake. Sikuituma.


Jumatatu, 10 Februari

Jana nilimwambia Protas kwamba nimesikia vioo vya treni za njia nyingine, ile ya kwenda uwanja wa ndege, huoshwa kila alfajiri kwa maji ya dawa. Sikusema uongo. Nilitamka dhana kwa uhakika. Alinishukuru kwa mikono miwili, na leo ameondoka na fimbo yake kuelekea huko.

Kioo kikawa changu peke yangu. Nilisimama katikati, miguu imepanuliwa kama nahodha. Kutoka Makumbusho hadi Batha, kutoka Batha kuendelea, mpaka mwisho wa kusini ambako treni inatoka chini ya ardhi na kupanda juu ya nyumba. Mlango ule wa nuru! Unaona doa jeupe mbali, unadhani ni taa, kumbe ni mchana. Nilisahau kupumua.

Niliituma palepale kituoni kabla ya kuitazama, ili nimwahi Soud na wimbi lake la jioni.

Kisha nikaitazama.

Uso wangu! Umo humo! Nje kukiwa giza na ndani kukiwa na taa, kioo kinageuka kioo cha kujitazamia. Njia nzima ya chini ya ardhi imepita katikati ya ndevu zangu. Reli zinaingia puani. Kituo cha Batha kimechomoza katika jicho la kulia. Ni pale tu treni ilipotoka juani ndipo uso ulipofutika, na hapo safari ilikuwa inakwisha.

Soud ameandika kwamba handaki limeota mvi. Kundi zima limecheka, pamoja na mpwa wangu wa Maskati ambaye nilimfundisha kusoma. Jokha hakusema kitu. Samia ananiambia tu kwamba mama alichukua simu akaenda nayo jikoni, na hakuirudisha mpaka ilipoishiwa na chaji. Bila shaka alikuwa akijaribu kuona reli nyuma ya kipaji cha uso wangu. Nimeona haya.

Protas amerudi na furaha. Kule uwanja wa ndege treni hupita juu kwa juu, ndege zinatua pembeni, na filamu yake imependwa kuliko zote. Aliniletea maandazi.


Jumatano, 12 Februari

Siku ya kusahauliwa. Naiandika kwa sababu shajara isiyo kamili ni uzembe.

Protas amenieleza kwamba dawa ya uso ni kitambaa cheusi. Mtu hujifunika yeye na simu, akakibana kitambaa kwenye kioo ili taa ya ndani isipenye. Sina kitambaa cheusi. Lakini katika kabati, nyuma ya kanzu zangu, limetundikwa baibui la kale la Jokha, lile alilokuja nalo kutoka kwetu, pana kama shuka. Nikalikunja nikalitia mfukoni mwa koti.

Nilipofika kwenye kioo nikajifunika. Kichwa, mabega, simu, vyote ndani. Giza kamili. Kazi safi.

Kilichotokea nje nilielezwa baadaye. Wanaume walinyanyuka. Mzee mmoja aliwataka radhi wenzake na kuwasogeza, ili mama mtu mzima aliyepotea behewa apate nafasi ya kusimama kwa staha. Mwingine akaita mlinzi kwa kitufe. Mlinzi akapanda kituo kilichofuata, kijana mpole, akanisemesha. Nilimsikia akisema hajja, tafadhali, sehemu ya familia ni hapo nyuma, nitakupeleka. Sikujibu, kwa kuwa sauti ingeingia katika filamu. Akarudia. Nikatikisa kichwa. Akaniuliza kama nimempoteza mume wangu.

Hapo nilitoa kichwa.

Sitaeleza nyuso zao. Mlinzi alirudi nyuma kwa namna ambayo ingemwangusha mtu asiye na mazoezi. Tuliteremka pamoja Batha. Alinikalisha, akaniletea maji, akanisikiliza habari za mwanga na vioo, akasema inshallah mara nyingi. Mwisho aliniomba nisirudie, kwa sauti anayotumia mtu kwa babu yake.

Na filamu haipo. Sikubonyeza. Nilipoingia chini ya kitambaa kile nilikuta harufu ya udi, ule wa Jokha, bado imo katika mshono wa kichwani. Nikasimama tu. Nadhani tulipita kituo kizima.


Ijumaa, 14 Februari

Nimepumzika. Protas amekuja na wali na maharage ya nazi, akasema amepika vingi kwa bahati mbaya. Nilikula kwa heshima ya ujirani, na sahani ya pili kwa sababu hiyohiyo. Aliniuliza mama anarudi lini. Nikamwambia mambo yanakwenda kwa utaratibu.

Aliponiaga mlangoni alinitazama kifuani, akasema mwalimu, vifungo. Nilikuwa nimevipisha kwa tundu moja. Inaonekana nimevaa hivyo tangu asubuhi, na msikitini hakuna aliyeniambia. Watu wamepoteza ujasiri.

Nyumba ina sauti ya friji tu. Zamani sikuisikia.


Jumapili, 16 Februari

Kandambili!

Nilikuwa bafuni. Kandambili za Jokha zimekaa pale alipoziacha, nyeusi, laini, unene wa kidole. Hakwenda nazo. Nikaichukua ya kulia, nikaibana kwenye kioo. Haipitishi hata uzi wa mwanga. Nikachukua kisu cha jikoni, nikatoboa tundu mahali kisigino kinapokaa, nikapachika jicho la simu katika tundu. Kisha kandambili inagandamizwa kwenye kioo cha treni, na uso wa mtu hauna njia ya kuingia. Haikunichukua hata muda wa birika kuchemka. Wanaosema wazee hawavumbui kitu waje Murabba.

Watu walinitazama kidogo nilipoitoa ndani ya behewa. Nilikuwa nimeiosha.

Filamu ni kamili. Naandika neno hilo kwa kulipima. Handaki ni jeusi kwelikweli, reli zinameta, taa zinapita moja moja kama shanga katika uzi. Vituo vinafunguka. Mwisho ule mlango wa mchana. Hakuna ndevu, hakuna kipaji, hakuna kiwiko. Ni njia tupu, kama Jokha mwenyewe alivyoitamani katika kiti cha nyuma. Hata Protas, alipoiona, aliomba aichore ile kandambili.

Nimeituma kwa Jokha peke yake. Mambo ya heshima hayapiti katika kundi.


Jumatano, 19 Februari

Kimya.

Ameipokea, alama zinaonyesha. Hajasema kitu. Nilimpigia, Samia akapokea, akasema mama amelala. Ilikuwa saa ambayo Jokha hajawahi kulala tangu nimjue.

Nikamuuliza kama ameipenda.  Akasema mama aliitazama mara moja, mpaka mwisho, akairudisha simu mezani. Kisha akauliza kama ile ya zamani ingalipo. Ile mbovu, ya uso. Nikasema aifute, inatia aibu. Samia akasema baba, kwa sauti ya mamake, akaacha hapo.

Halafu Soud akanipigia, jambo asilolifanya ila ana ushindi. Alikuwa na huruma, na huruma ya Soud ni ngumu kuliko kejeli yake. Alisema yeye na Samia wamezungumza. Goti la Jokha linataka bahari. Ramadhani akae hukohuko, na baada ya Idi tufikirie kumrudishia mwenyewe nyumba ya Murabba, mimi nihamie Baghdadiyah, pana chumba nyuma ya duka lake. "Shemeji, umri huu si wa kuishi na treni," alisema.

Nilimwambia nina mambo ya kufanya. Sikumwambia ni yapi, kwa kuwa sikuwa nayo.

Kabla ya kukata, akanitajia kama jambo dogo kwamba jana alimpeleka Jokha sokoni na amejinunulia kandambili mpya.

Nimekaa bafuni nikiitazama ile ya kushoto. Mtu hanunui kandambili mahali anapopita.


Alhamisi, 20 Februari

Amepiga mwenyewe. Alasiri. Nilikuwa nimejiandaa kwa hoja zilizopangika, kuanzia goti. Hakunipa nafasi.

"Njia nimeiona," alisema. "Wewe uko wapi?"

Nikamweleza kwamba simo, na kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe. Nikamweleza juu ya mwanga wa ndani na giza la nje, na jinsi nilivyouondoa uso baada ya majaribio mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa nini nimekonda.

Nikasema sijakonda. Akasema shavu limeingia, ameliona pale Batha, kituo kilipowaka. Akasema kola ya kanzu ilikuwa imekunjamana na koti nimelivaa na doa la mchuzi, upande wa kushoto. Akauliza nakula nini. Nikasema nakula vizuri, nina jirani. Akauliza pia kwa nini namsemesha yeye humo ndani ya filamu. Nikasema sijamsemesha mtu, nilikuwa narekodi.

"Sikiliza mwenyewe," akasema. "Pale mnapotokea juani."

Nilikataa kwa maneno mazito kidogo. Tulipoagana nikaifungua ile filamu mbovu, nikaiongeza sauti. Treni inavuma. Mtu mmoja anakohoa. Uso wangu upo pale, juu ya reli, mdomo unakwenda, na nilidhani nilikuwa kimya. Nataja vituo kimoja kimoja. Naeleza, hapa ndipo palipokuwa na duka la Mhadhrami, hapa ndipo Samia alipovunjika jino. Kisha doa jeupe linatokea, linakua, na sauti ya mzee inasema, "Jokha, tazama. Jokha."

Halafu uso unafutika na kunakuwa mchana.

Nimeisikiliza mara nyingi. Kiufundi, sauti imenaswa vizuri sana.


Jumanne, 25 Februari

Amerudi!

Alishuka na ndege ya asubuhi, ameegemea mkongojo mpya, na begi zito kuliko lililokwenda. Nikampokea kwa maneno niliyoyatayarisha. Akanyoosha mkono, akanifungua kifungo cha juu, akakifunga katika tundu lake. Mbele za watu.

Nyumbani alikagua jikoni. Kisha akaingia bafuni. Akatoka ameishika kandambili ya kulia kwa vidole viwili, ananitazama kupitia tundu. Nikamfafanulia. Akaketi. Nikadhani goti limemuuma, kumbe anacheka.

Alizitoa mpya katika begi. Alizinunua za kuja nazo, kwa sababu zile za zamani, alisema, zilishaanza kuteleza na bafu letu ni la marumaru. Basi mtu hununua kandambili mahali anapokwenda pia. Nilikuwa sijalifikiria hilo.

Nimetafakari kwa makini ni nini kilichomrudisha, kwa kuwa mtu hufaidika na ushindi akiujua ulikotoka. Jibu liko wazi. Ni ile filamu kamili. Iliingia akilini polepole, kama hoja nzuri zinavyoingia. Soud amekiri kushindwa kwa kutotuma wimbi leo. Nimemtumia njia nzima ya kusini, kutoka Makumbusho hadi juani, bila neno.

Jokha amesema mwakani, goti likizidi, huenda twende Jeddah sote wawili. Nimesema tutaona.


Ijumaa, 28 Februari

Baada ya sala na chakula nimempeleka Jokha chini ya ardhi. Alivaa baibui lake la kale, lile la udi. Nilikata daraja la kwanza, twende kaskazini. Msimamo nao hupumzishwa. Protas nilimwambia tangu jana kwamba leo njia hiyo imefungwa, inaoshwa.

Tulikuta viti vya mbele kabisa vitupu. Nikamketisha Jokha katikati, mkabala na kioo, mkongojo kando, mkoba magotini. Mbele yake hapakuwa na mtu. Milango ikafunga. Treni ikaingia handakini, na taa zikaanza kuja.

Akasema, polepole, "Alaa."

Akainama mbele kidogo. Nilimwona kwenye kioo, uso wake na wangu pamoja, na reli zinapita katikati. Hakuwa na umri wowote. Nikajisemea kwamba safari kama hii haifai ipotee hivihivi.

Nikatoa simu na kandambili. Nikasimama mbele ya kioo, nikagandamiza, nikarekodi njia nzima, kituo kwa kituo, mpaka treni ilipopanda juu na jua la alasiri likatupiga. Mkono haukutetemeka. Ndiyo filamu bora niliyowahi kupiga.

Nyuma yangu Jokha alianza kucheka. Nikamwomba apunguze, sauti inaingia. Akazidi. Kisha nikasikia kofi dogo, laini, kisogoni.

Bila shaka alikuwa akiua nzi. Mimi sikuona hata mmoja, lakini yeye ana macho kuliko mimi. Nitawaandikia wenye treni. Ni aibu, reli mpya namna hii, na nzi wamekwishapanda daraja la kwanza.

Mwezi umeandama. Jokha yuko jikoni analoweka kunde za futari ya kesho, na bado anacheka peke yake. Kesho nitamwonyesha filamu, ili aone njia ilivyokuwa.